Gundi Moja, Kazi Nne: Kisa cha Nyumba ya Kupanga Umoja

Mpangaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, mwalimu wa shule ya msingi, alinunua mrija mmoja wa gundi ya ujenzi, ile inayouzwa kwa ahadi kwamba inabandika bila misumari, akaitumia kwa kazi nne ndani ya nyumba yake ya vyumba viwili. Rafu ya jikoni ilianguka siku ya tatu pamoja na unga na sukari vilivyokuwa juu yake. Kioo cha bafuni kiliteleza taratibu hadi kikakalia ukingo wa sinki. Chuma cha kutundikia taulo kilimbakia mtoto mkononi. Kazi ya nne, ubao wenye kulabu za makoti ubavuni mwa kabati, haijatikisika mpaka leo.

Nilipoitwa kama fundi, hukumu zilikuwa zimeshatolewa. Majirani walisema gundi ni feki. Mwenye hadiwea, lile duka la vifaa vya ujenzi, alisema mteja hakuwa na subira. Keateka, yaani mtunza jengo, ambaye ameishi katika ploti hiyo kuliko mpangaji yeyote, alisema kuta za jengo lile hazishiki kitu, na kwamba si mara ya kwanza kuona rafu ikiwa sakafuni. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli, lakini hakuna aliyeeleza mbona ule ubao wa kulabu umeshika. Gundi feki ingeangusha vyote vinne, na kukosa subira kungeviponza vyote vinne. Kwa hiyo nilianza na kile kilichobaki ukutani, si na vilivyoanguka.

Kwanza, sababu ya kutumia gundi. Mkataba wa nyumba unakataza misumari na drili, na mpangaji akihama na kuacha mashimo, gharama ya kuyaziba na kupaka rangi inakatwa kwenye amana. Sharti hili limejaa Nairobi, kuanzia Pipeline hadi Kahawa West, na ndilo linalowapeleka watu wengi kwenye kaunta ya hadiwea kuulizia gundi kali. Swali lenyewe ndilo lina kasoro. Anayeuliza gundi iliyo kali zaidi hupewa iliyo kali zaidi, au iliyobaki dukani, bila mtu kumuuliza inaenda kubandika nini juu ya nini, mahali pakavu au penye maji, na uzito utavuta kuelekea wapi.

Rafu

Nilimkuta Mwalimu ameshaiweka rafu kando ya ndoo ya taka.

"Karibu fundi. Hiyo nilikuwa nangoja gari la taka liichukue."

"Mwalimu, usiitupe. Majibu yote yako mgongoni mwake."

Kitu kilichobanduka kina nyuso mbili, na zote mbili zinafaa kuangaliwa kabla hazijasuguliwa wala kusafishwa. Niliigeuza rafu nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Gundi ilikuwa bado imeng'ang'ania ubao kwa urefu wote, ngumu, ukucha hauingii. Juu ya gundi hiyo kulikuwa na ganda la rangi ya krimu, kisha ganda jingine la kijani kibichi ambalo bila shaka ni la miaka ya nyuma, na mwisho kabisa unga mweupe mkavu. Ukutani kulikuwa na kovu lenye umbo lile lile, na nilipopitisha kidole kikatoka cheupe.

Gundi haikuachia popote. Ilishika ilichopewa ishike, nacho kilikuwa rangi. Kuta za majengo mengi ya Nairobi ni mawe ya kukatwa kwa mashine, mengi yakitoka machimbo ya Ndarugu upande wa Juja. Juu ya mawe huja plasta ya simiti na mchanga, kisha skimu, yaani ile poda nyeupe ya kulainisha ukuta, kisha andakoti, yaani rangi ya kutangulizia, kama mwenye nyumba hakubana matumizi, kisha rangi ya maji. Mpangaji akihama, rangi nyingine inapakwa juu ya ile ya zamani, mara nyingi bila kuosha ukuta. Jikoni ndiko kubaya zaidi, kwa sababu mafuta ya kukaangia na moshi hukaa ukutani na rangi mpya hulala juu yake. Mtu akibandika kitu hapo, uimara wa kazi yake ni uimara wa tabaka dhaifu kuliko yote katika msururu huo. Angetumia hata gundi inayobandika vipande vya ndege, skimu ingekatika pale pale.

Kuna kipimo cha dakika mbili ambacho ningependa kila mpangaji akijue. Chukua wembe, chora ukutani mistari michache iliyopishana, mahali ambapo kitu chenyewe kitapafunika. Bandika juu yake selotepu nzuri, isugue kwa kidole, kisha ivute kwa mkupuo. Ikitoka safi, rangi yako imeshika. Ikitoka na vipande vya rangi au vumbi jeupe, ukuta huo hauwezi kubeba chochote kwa gundi mpaka ukwanguliwe hadi kwenye plasta. Kwa Mwalimu, selotepu ilirudi imejaa vipande kama magamba ya samaki. Baada ya hapo nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Plasta yenyewe ilitoa sauti nzito, dalili kwamba haijaachana na mawe. Keateka alikuwa amekosea kidogo tu: ukuta ni mzima, ila ngozi yake ni mbovu.

Hata hivyo rangi haikuwa tatizo pekee la rafu hiyo, na hapa hesabu ndogo inasaidia. Ubao ulikuwa na unene wa sentimita 2, nao huo unene ndio uliobandikwa ukutani. Upana wake, sentimita 20, ulitokeza nje bila mkono wa kuushikilia chini. Weka juu yake pakiti nne za unga za kilo 2 kila moja, mzigo wa kawaida kwa jikoni yoyote. Ni kilo 8, na kitovu cha uzito kiko kama sentimita 10 kutoka ukutani. Zidisha 8 kwa 10, upate 80. Kitu pekee kinachoizuia rafu isipinduke ni gundi iliyo katika ule unene wa sentimita 2, ambamo umbali kati ya nguvu inayovuta juu na inayosukuma chini ni sentimita 1.3 hivi. Gawanya 80 kwa 1.3: ukingo wa juu unavutwa utoke ukutani kwa nguvu ya takriban kilo 60. Pakiti nne tu za unga!

Sasa piga picha ubao huo huo ukiwa umefungwa kwa skrubu kwenye ubao wa mgongo wenye kimo cha sentimita 15 uliolala bapa ukutani. Umbali ule wa sentimita 1.3 unakuwa sentimita 10, na kilo 60 zinashuka hadi 8, tena zimesambaa juu ya eneo kubwa. Gundi haijabadilika hata tone. Kilichobadilika ni umbo. Gundi karibu zote hustahimili vizuri uzito unaoteremka sambamba na ukuta, na karibu zote huwa dhaifu zinapobanduliwa kuanzia ukingoni, kwa sababu nguvu yote hukusanyika kwenye mstari mwembamba, mstari huo ukiachia unafuata wa pili.

Jambo lingine ni kwamba mzigo wa rafu haupumziki. Gundi nyingi za mrija, hasa zile zinazotumia maji, hubaki na ulaini kidogo hata baada ya kukauka, na zikivutwa usiku na mchana hunyooka polepole. Ndiyo maana rafu inaweza kukaa siku tatu na kumfanya mtu aamini kazi imekubali.

Chuma cha taulo

Hiki ndicho kilichonifurahisha kukichunguza, maana kinaeleza jambo ambalo maandishi ya kwenye mrija hulisema kwa herufi ndogo sana. Chuma chenyewe ni cha stenlesi, kina visahani viwili vya upana wa sentimita 4, na kilibandikwa juu ya vigae vya bafuni vyenye uso wa kung'aa. Mwalimu alifuata maagizo: alipangusa, akakandamiza, akangoja saa 24. Gundi iliyofurika pembeni ilikuwa ngumu alipoigusa, akaridhika. Mtoto alipovuta taulo, kisahani kikatoka, na katikati yake gundi ilikuwa nyeupe, mbichi, laini kama mtindi.

Gundi ile ni ya akriliki iliyochanganywa na maji. Inakauka kwa njia moja tu, maji yake yatoke. Ukibandika mbao kwa mbao, au mbao kwa plasta, maji yananyonywa na kimoja kati ya vitu hivyo. Kigae cha kung'aa hakinyonyi, wala stenlesi hainyonyi. Maji yamefungiwa katikati, njia pekee ya kutoka ni kwenye ukingo, na ukingo ukishakauka unakuwa kizuizi kwa yaliyobaki ndani. Ndiyo sababu mirija ya aina hii huwa na onyo kwamba angalau upande mmoja uwe unafyonza. Ongeza kwamba hii ilikuwa Julai, ambapo asubuhi za Nairobi huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, katika bafu dogo ambalo dirisha lake linafunguka kwenye kishimo cha hewa kati ya majengo na shawa ya umeme inajaza mvuke kila asubuhi. Angengoja wiki nzima, matokeo yangekuwa yale yale. Mwenye hadiwea alikosea: subira haikaushi kitu ambacho hakina pa kutolea maji.

Kipimo hapa ni tone la maji. Lidondoshe juu ya kitu unachotaka kubandika. Likifyonzwa na kuacha doa, gundi ya maji itafaa. Likibaki limesimama juu pande zote mbili, tafuta gundi inayoganda kwa njia nyingine.

Kioo, na madoa meusi

Kioo kilipitia mikono miwili. Mara ya kwanza kilibandikwa kwa gundi ile ile juu ya vigae vile vile, na kikateleza kwa sababu hiyo hiyo. Sinki ndilo lililokiokoa. Jirani akashauri silikoni. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya, kwani silikoni haidhuriwi na maji na hushika kioo na vigae vizuri mno. Kikabandikwa, kikashika. Wiki chache baadaye madoa meusi yakaanza kuchomoza upande wa mbele, yakiwa yamepangana sawasawa na mistari ya silikoni iliyo nyuma.

Nilimuuliza Mwalimu kama bafu lilikuwa na harufu yoyote siku ile. "Siki," akasema papo hapo. "Nyumba nzima ilinuka siki mpaka kesho yake."

Harufu ile ni asidi ya asetiki, ambayo silikoni ya kawaida huitoa inapoganda. Nyuma ya kioo kuna tabaka jembamba la fedha, mara nyingi na shaba juu yake, kisha rangi ya kulinda. Asidi ikipenya kwenye rangi hiyo hula metali, na kioo hupoteza uwezo wa kurudisha sura mahali hapo. Hakuna dawa ya kuyaondoa madoa hayo. Kuna silikoni ya aina ya pili isiyotoa asidi, ambayo kwenye mrija huandikwa kuwa ni nyutro au kuwa ni salama kwa vioo. Inauzwa ghali kidogo kuliko ile ya kawaida, na mara nyingi imekaa rafu moja na mwenzake, mrija umefanana. Huwezi kunusa mrija uliofungwa, kwa hiyo ni lazima kusoma. Silikoni ya siki isiwekwe pia juu ya shaba, mabati au simiti tupu. Asidi hiyo hugombana na vyote vitatu.

Ubao wa kulabu

Huu haukuhitaji dakika nyingi. Ubavu wa kabati ni plaiwudi isiyopakwa rangi, ubao nao ni mti mtupu. Pande zote mbili zinafyonza. Makoti yanavuta kwenda chini, sambamba na kabati, na ubao ni mpana, hautokezi. Mahali pakavu. Gundi ya maji imeumbwa kwa kazi ya namna hii. Nilijaribu kuutikisa kwa nguvu. Ningeendelea ningeng'oa plaiwudi yenyewe. Tarehe kwenye mrija nayo ilikuwa bado mbele. Gundi haikuwa feki.

Kaunta ya hadiwea

Nilifuatana na Mwalimu hadi hadiwea ile ile, kwa sababu sikuona haja ya kwenda mjini kwa vitu vinavyopatikana mtaani. Wakati mwenye duka anahudumia mafundi wa mjengo, tulikuwa na nafasi ya kuitazama rafu ya gundi kwa utulivu. Ningependa kuipitia hapa kama nilivyompitishia, bila kujali jina la kampuni.

Gundi nyeupe ya mbao ni bora kuliko zote kwa kuunga mti kwa mti, mradi vipande vikutane vizuri na vibanwe, nusu saa hadi saa moja, kisha viachwe hadi kesho. Haijazi pengo. Nyingine huwa na alama D2, D3 au D4 kutoka kiwango cha Ulaya cha EN 204: namba ikipanda, gundi inastahimili maji zaidi, na kwa meza ya jikoni ningechukua D3 bila kufikiri mara mbili. Supagluu huganda kwa unyevunyevu wa hewani na huhitaji tabaka jembamba sana. Ni nzuri kwa kikombe au kitasa cha plastiki ngumu, lakini ni kavu, ikigongwa inapasuka, na haifai kubeba kitu ukutani. Ukiijaza nyingi unaidhoofisha.

Gundi ya kopo, ile ya mafundi viatu na makochi, hupakwa pande zote mbili, ikaachwa dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo vitu vikutanishwe mara moja bila kurekebisha. Ni nzuri kwa fomaika, ngozi na mpira. Lakini nina neno zito kuhusu kopo hilo. Mvuke wake, ambao mara nyingi una toluini, hushika moto. Nyumba zetu nyingi jikoni na sebule ni chumba kimoja, na mtungi wa gesi uko pale pale. Usifungue kopo hilo jiko likiwa linawaka, usilifungue madirisha yakiwa yamefungwa, wala usiliache mahali mtoto anaweza kulifikia. Sote tumeona, katikati ya jiji hili, kopo hilo linafanya nini kwa watoto wanaovuta mvuke wake.

Epoksi ni mirija miwili inayochanganywa sawa kwa sawa. Haihitaji hewa wala kufyonzwa, inaganda yenyewe kwa kukutana, na ndiyo sababu inafaa chuma juu ya kigae. Iko ya dakika tano na iko ya polepole. Ya polepole ndiyo imara zaidi na ndiyo inayovumilia maji vizuri. Ile ya haraka ni ya kushikilia tu. Poliurethani, na zile za kisasa zinazoitwa haibridi, huganda kwa unyevu wa hewa, hubaki na unyumbufu, na hushika karibu kila kitu ndani ya nyumba. Kama mtu ana pesa za mrija mmoja tu, ningemwambia achukue haibridi. Nayo ina kikomo chake: huganda kutoka nje kuingia ndani, kiasi cha milimita 2 au 3 kwa siku, na kadiri inavyoingia ndani ndivyo inavyozidi kukawia. Kisahani cha sentimita 4 kina safari ya milimita 20 kutoka ukingo hadi katikati. Hiyo ni wiki nzima au zaidi, si saa 24.

Halafu kuna vitu ambavyo gundi yoyote ya kawaida vinaishinda. Ndoo na vifuniko vyenye alama ya pembetatu namba 2, 4 au 5 ni polithini na polipropilini, na hazishikiki. Mabomba ya kijani ya PPR yaliyo katika karibu kila nyumba mpya hapa Nairobi ni polipropilini pia. Yakivuja huungwa kwa mashine ya joto, na kila anayejaribu kuyapaka gundi anapoteza pesa na maji. Mabomba ya PVC ndiyo yenye gundi yake.

Tulichofanya

Rafu haikurudi kwa gundi. Ilikuwa inawezekana: kukwangua rangi na skimu hadi kwenye plasta, kufuta vumbi, kuweka ubao wa mgongo na haibridi. Lakini kukwangua eneo la sentimita 15 kwa 60 kunaharibu ukuta kuliko mashimo manne ya milimita 6, na chini ya rafu hiyo mtoto hukaa akifanya kazi ya shule. Kitu chenye uzito kilicho juu ya kichwa cha mtu hufungwa kwa skrubu. Nikamwambia Mwalimu tuzungumze na mwenye nyumba kabla ya kununua chochote, naye akamwita keateka.

"Mzee, tukiziba mashimo siku ya kuhama na kupaka rangi sisi wenyewe, atakubali?"

Keateka alilitazama lile kovu ukutani, kisha akapiga simu. "Anasema mashimo manne yasizidi, Mwalimu. Na hicho kidonda urekebishe sasa."

Saa ile ile makubaliano yakaandikwa kwa ujumbe wa simu ili yasije yakasahaulika. Plagi nne za plastiki za kuingizia skrubu ukutani, skrubu nne, ubao wa mgongo. Kwenye jiwe la Ndarugu plagi hushika sawasawa, muhimu ni kutoboa kupita plasta hadi kwenye jiwe lenyewe na kuepuka mstari ulio wima juu au chini ya soketi na swichi, ambako nyaya hupita.

Chuma cha taulo kilipata epoksi ya polepole. Gundi ya zamani ilikwanguliwa yote kwa wembe. Mgongo wa kisahani ukasuguliwa kwa msasa mpaka mng'ao ukaisha, kigae kikapigwa msasa kidogo mahali palipofunikwa, vyote vikapanguswa kwa spiriti na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kikawa hakichafuki tena. Hapa ndipo kazi ilipo. Sabuni ya kuogea huacha utando kwenye vigae usioonekana kwa macho, na gundi ikiwekwa juu yake inashika sabuni. Bafu liliachwa bila kuogewa usiku na mchana, maskingi tepu ikishikilia chuma, na kwa sababu ya baridi tukakiongezea siku moja zaidi kabla ya kutundika taulo.

Mwalimu aliuliza kitu ambacho nilifurahi amekiuliza: mama yake huja kumtembelea kutoka Murang'a, ni mzee, na akitoka kuoga hushika chuma hicho. Nilimjibu bila kuzunguka kwamba chuma cha taulo kilichobandikwa si cha kushikia mtu. Taulo lililolowa lina kilo moja na kitu. Mtu anayeteleza anavuta mzigo wa mwili wake wote kwa ghafla. Cha kumsaidia mama ni mshikio uliofungwa kwa skrubu ndefu hadi kwenye jiwe, nao ungehitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba aliombwa, akakubali bila mjadala aliposikia ni kwa ajili ya mama mzee. Mshikio huo ndio uliogharimu zaidi katika kazi yote, na ndio ambao sikukubali uahirishwe.

Kioo cha madoa kilihamia chumbani, mahali ambapo fremu imeficha ukingo. Kipya kina sentimita 60 kwa 45, unene wa milimita 4. Kioo cha unene huo huwa na kilo 10 kwa mita mraba, kwa hiyo hiki kina kilo 2.7, uzito mdogo kwa silikoni nyutro. Mabaki ya silikoni ya zamani yalitolewa mpaka vigae vikawa safi kabisa, maana hakuna kinachoshika juu ya mabaki ya silikoni, si rangi, si gundi. Mpya ikapakwa kwa mistari ya wima iliyoachana sentimita 10 hivi, isiwe mduara wala matone. Mistari ya wima inaacha hewa ipande ili silikoni igande, na maji yakiingia nyuma yanashuka na kutoka badala ya kutuama. Vipande vidogo vya kadibodi vikawekwa katikati kuzuia kioo kisiikamue silikoni yote nje, vikatolewa kesho yake.

Ubao wa kulabu haukuguswa.

Lilibaki swali la siku ya kuhama, kwa kuwa amana ndiyo iliyoanzisha yote haya. Kioo kitatolewa kwa uzi imara wa kuvulia samaki: watu wawili, mmoja kila upande, wanaupitisha nyuma ya kioo na kuuvuta kwa zamu kama msumeno, kutoka juu kwenda chini, huku mtu wa tatu amekishika kisidondoke. Mabaki kwenye vigae yatakwanguliwa kwa wembe uliolazwa, kwa maji na sabuni ili usikwaruze. Epoksi ya chuma cha taulo hulainika kwa joto. Mashine ya kukaushia nywele ikielekezwa kwenye kisahani kwa dakika kadhaa, kisha kikazungushwa badala ya kuvutwa, hutoka bila kung'oa kigae. Mashimo manne ya rafu na yale ya mshikio yatazibwa kwa filla, yapigwe msasa, yapakwe rangi. Nilimwachia Mwalimu kopo dogo la rangi ile ile ya krimu iliyotumika kurekebisha kovu la jikoni, limefungwa vizuri, na jina la rangi na namba yake vimeandikwa juu ya kifuniko kwa kalamu.